Hofu ya Tunguu na Barua ya Khrushchev

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Walionialika waliniomba nizungumzie namna dunia ilivyozipokea habari za binadamu wa mwanzo kwenda anga za juu. Nikaitikia haraka, kama tunavyoitikia mialiko ya harusi. Nilipokaa kitako kuandika ndipo nilipojua kuwa nimejitwisha gunia zima. Gagarin, yule Mrusi wa mwanzo kwenda huko, peke yake ni mazungumzo ya siku nzima. Kwa hivyo nimechukua safari moja tu, ya John Glenn, Mmarekani wa mwanzo kuizunguka dunia, tarehe 20 Februari 1962. Sababu yangu ni ya ubinafsi kabisa: safari ile ilipita juu ya mapaa yetu, na sehemu ya mazungumzo yake ilipokelewa Tunguu, hapa Unguja.

Ndiyo, Tunguu hii hii mnayopandia gari asubuhi kwenda chuoni. Zamani kabla ya vyuo na maofisi ya serikali, kulikuwa na stesheni ya Wamarekani, moja kati ya vituo 18 walivyovitandaza kuizunguka dunia, viwili vikiwa ndani ya meli, ili mtu wao akiwa juu asipotee masikioni mwao kwa muda mrefu. Mradi wenyewe ukiitwa Mercury. Kwa upande wa Afrika walikuwa na Kano, Nigeria, kisha Unguja, halafu meli katikati ya Bahari ya Hindi, halafu Australia.

Niwaonyeshe hiyo siku. Kule Florida ilikuwa asubuhi, huku kwetu jioni. Glenn aliruka saa 12 kasoro dakika 13 kwa saa za Afrika Mashariki. Nimepiga hesabu za kalenda zote mbili: ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381, mwezi umekwisha kuwa mpevu. Sasa vuteni picha. Alipofika juu ya Kano alichungulia, akawaambia watu wa chini kuwa anaona tufani kubwa la vumbi jangwani. Wakamjibu kuwa naam, wiki nzima upepo umekuwa mkali. Kutoka Kano mpaka kwetu, safari ambayo mahujaji wa zamani wangeihesabu kwa miezi, yeye aliikata kwa dakika zisizofika kumi. Alipowasili juu ya kisiwa ilikuwa kama saa 12 na robo. Jua bado halijatua. Mjini watu wanachemsha uji, wanakaanga bajia, wanamsikiliza muadhini.

Na daktari wa stesheni ya Unguja anazungumza na mtu aliye kilomita mia na zaidi juu ya ule uji.

Walizungumza nini? Tungependa kusikia maneno mazito, lakini daktari alitaka kujua presha na mapigo ya moyo. Glenn alikuwa na kamba ya mpira ndani ya chombo, kile chombo chembamba ambacho ukikaa ndani magoti yako ndiyo jirani yako. Akaivuta ile kamba nusu dakika. Mapigo yake yakapanda kutoka 80 mpaka 124 kwa dakika, kisha yakashuka tena. Daktari akaridhika. Basi, huo ndio mchango wa Unguja katika safari hiyo ya kihistoria: tulimpima mtu moyo. Dakika chache baadaye chombo kilikwishazama upande wa mashariki, juu ya bahari, na Glenn akaliona jua likitua haraka kupita machweo yoyote aliyowahi kuyaona. Hapo mjini pengine tende ya mwanzo bado haijaingia kinywani.

Mbele yake kulikuwa na mji wa Perth, Australia, usiku wa manane. Watu wa Perth walikuwa wamekubaliana wawashe taa zote, za barabarani na za majumbani, na wengine walianika mashuka meupe uani ili yaakisi mwanga. Glenn aliziona zile taa, akaomba wote waliowasha washukuriwe. Nazungumza habari za mapokeo, na kwangu mimi hakuna mapokeo mazuri kupita shuka lililoanikwa usiku kwa ajili ya mpita njia.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi hatukuanika mashuka. Sisi tuliandamana.

Mkataba wa stesheni ulifungwa London, Oktoba 1960, baina ya Uingereza na Marekani. Tulikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, na mambo ya nje yalikuwa mikononi mwake. Ni mwezi ule ule aliofariki Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala karibu nusu karne, na siasa zetu, wale waliokuwapo wanajua, zilikuwa zimechemka kama sufuria ya mawele. Habari za stesheni zilipoenea, Hizbu, yaani chama cha ZNP, waliingia barabarani. Walichosema ni hiki: hawa wanatuletea roketi, wanatufanya kituo cha vita, na vita vikija bomu la mwanzo litatuangukia sisi.

Hapa lazima nikiri jambo. Nimesomesha historia miaka thelathini na mbili, na kwa miaka mingi ya hiyo nilikuwa nikifika kwenye maandamano haya nawachekesha wanafunzi. Nilikuwa nawaambia, stesheni yenyewe haikuwa na kombora hata moja, haikuwa hata na rada. Ilikuwa na antena za kupokea vipimo kutoka kwenye chombo, redio ya kuzungumzia, na mashine za simu za maandishi. Na wazee wenu wakakimbia antena! Darasa linaangua kicheko, mwalimu anajiona mjanja. Mpaka siku moja msichana mmoja, kwao Tunguu, akanyanyua mkono. Hakucheka. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, wao wangejuaje?"

Sikuwa na jibu. Kengele ikaniokoa, lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani.

Wangejuaje, kweli? Tuangalie walichokuwa nacho mkononi mwaka ule. Februari 1960 Ufaransa ilikuwa imelipua bomu la nyuklia katika Sahara, ardhi ya Afrika, na Waafrika walipiga kelele bila ya kusikilizwa. Mei mwaka huo huo ndege ya ujasusi ya Marekani, U-2, iliangushwa ndani ya Urusi, na ikajulikana kuwa ilipaa kutoka Peshawar, Pakistan. Wamarekani mwanzo walisema ni ndege ya kuchunguza hali ya hewa. Ya hali ya hewa! Kisha rubani akatolewa mzima, uongo ukaanguka chali. Khrushchev, kiongozi wa Urusi, akazionya hadharani nchi zinazoikaribisha ndege kama ile, kuwa viwanja vyao vitapigwa. Miezi mitano baadaye Marekani hiyo hiyo inamwambia Mzanzibari: tunaleta mitambo, lakini usiwe na wasiwasi, ni ya sayansi.

Mtu aliyeumwa na nyoka, sote tunajua akiona ung'ongo hufanya nini.

Na roketi yenyewe je? Roketi iliyombeba Glenn ni Atlas. Atlas haikutengenezwa kwa ajili ya Glenn. Ilitengenezwa kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja mpaka jingine. Walichofanya ni kuitoa ncha ya bomu na kumweka mtu. Ile iliyompeleka Gagarin ilikuwa hivyo hivyo, ndugu wa kombora la Warusi liitwalo R-7. Kwa hivyo mwandamanaji wa Unguja aliyesema "haya ni mambo ya makombora" alikosea mahali, hakukosea ukoo. Kombora halikuwapo Tunguu, lilikuwa Florida. Lakini kwamba safari ya angani na vita ni watoto wa tumbo moja, hilo alilisema sawasawa, tena bila ya kusoma fizikia.

Nirudi nyuma mwaka mmoja kidogo, ili muone kuwa wakubwa nao walikuwa na wasiwasi ule ule, ila wao wakiuandika kwenye karatasi nzuri. Gagarin alizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, dakika 108. Rais Kennedy wa Marekani akampelekea Khrushchev simu ya maandishi ya pongezi siku ile ile, yenye adabu zote: watu wa Marekani wanashiriki furaha ya watu wa Sovieti, na tunatumaini nchi zetu zitafanya kazi pamoja. Jioni, mbele ya waandishi wa habari, mtu huyo huyo akasema kuwa hakuna aliyechoka kuliko yeye kuiona Marekani iko nyuma. Siku nane baadaye, akiwa ameshaaibika pia kule Cuba kwa uvamizi ulioshindwa, alimwandikia makamu wake Johnson kumuuliza, kwa ufupi, ni wapi tunaweza kuwashinda hawa. Simu ya pongezi inasema tushirikiane, barua ya ndani inasema tuwashinde. Sisemi Kennedy alikuwa mnafiki. Hivyo ndivyo serikali zinavyozungumza: salamu hupitia sebuleni, mambo yenyewe huzungumzwa chumbani.

Watu wa kawaida walikuwa wepesi zaidi. Julai ile ile Gagarin alikwenda Manchester kwa mwaliko wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kusubu chuma, maana naye kabla ya urubani alisomea kazi hiyo. Serikali ya Uingereza ilikuwa inasitasita: tumpokee kwa heshima gani mtu wa upande wa pili? Mvua ikanyesha, mvua ya Manchester. Watu wamejipanga barabarani wameloa chapachapa. Gagarin akakataa gari lifunikwe, akasimama anapunga mkono, akisema wao wakiloa kwa ajili yangu, na mimi niloe. Siku mbili baadaye anakula chakula cha mchana na Malkia. Nani aliyeifungua milango ya kasri, Wizara ya Mambo ya Nje au wasubu chuma? Mimi nawapa wasubu chuma.

Sasa Glenn. Alizunguka mara tatu, akateremka salama Bahari ya Atlantiki baada ya saa tano kasoro kidogo. Tarehe 1 Machi New York walimpokea watu wanaokadiriwa kuwa milioni nne, karatasi zikimwagika madirishani kama theluji. Kennedy siku ya safari alisema maneno ambayo sisi watu wa pwani tunastahiki kuyasikiliza kwa masikio yetu wenyewe: alisema anga ni bahari mpya, na Marekani lazima isafiri juu yake, isiwe nyuma ya yeyote. Kwa Mmarekani ni maneno ya kutia moyo. Lakini kwa watu ambao mababu zao waliwaona Wareno wakitokea upande wa kusini na mizinga, taifa kubwa likisema limeona bahari mpya na halitokuwa la pili humo, mtu huanza kuangalia milango yake imefungwa vipi.

Pongezi zikamiminika kutoka kila pembe. Nyingi hazina utamu, zinafanana kama barua za mirathi. Moja ina utamu, ya Khrushchev, tarehe 21 Februari, siku moja tu baada ya safari. Alimpongeza Glenn, akaongeza jambo ambalo halikutarajiwa: kuwa lau nchi zetu mbili zingeunganisha nguvu, za kisayansi, za kiufundi na za mali, kuichunguza anga, walimwengu wote wangefurahi. Kwa nini aliandika hivyo siku ile? Kwa mawazo yangu ni kwa sababu sasa walikuwa wamekaribiana. Kabla ya Glenn, Mrusi alikuwa na watu wawili waliozunguka dunia, Gagarin na Titov, na Mmarekani hana hata mmoja. Mwenye mbili kwa sifuri hana haja ya kumwambia mwenzake tucheze timu moja.

Kennedy aliikamata ile fursa. Tarehe 7 Machi akamwandikia Khrushchev barua ndefu yenye mapendekezo ya kufanyiwa kazi: satelaiti za hali ya hewa, kupima nguvu ya sumaku ya dunia, mawasiliano, elimu ya tiba ya angani. Na pendekezo moja, hebu shikilieni viti: kila nchi iweke stesheni ya kufuatilia vyombo ndani ya ardhi ya mwenziwe. Wamarekani wawe na stesheni Urusi, Warusi wawe na stesheni Marekani.

Tunguu mbili! Moja kwa Khrushchev, moja kwa Kennedy.

Jibu la Khrushchev lilitoka tarehe 20 Machi. Barua yenye adabu, imekubali mengi, lakini katikati yake kuna mwiba. Alisema ushirikiano wetu utakuwa na kikomo mpaka tukubaliane kuondoa silaha, kwa sababu si siri kuwa roketi za kijeshi na roketi za kurushia vyombo vya angani zimejengwa juu ya elimu moja na ufundi mmoja.

Niliposoma maneno hayo mara ya mwanzo niliweka karatasi chini. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na makombora, wanasayansi, majasusi, kila kitu cha kumjulisha. Na alichokiandika ni kile kile kilichopigiwa kelele na waandamanaji wa Hizbu mjini Unguja, ambao mimi nilikuwa nawafanya kichekesho cha kipindi cha nne. Yeye akiandika inaitwa diplomasia, wao wakipiga kelele inaitwa ujinga.

Wajumbe wawili, Dryden wa Marekani na Blagonravov wa Sovieti, walikaa wakazungumza, na Juni 1962 kule Geneva wakaafikiana mambo matatu: hali ya hewa, sumaku ya dunia, na majaribio ya mawasiliano kwa satelaiti ya Echo. Kidogo, lakini ni kitu. Zile stesheni za kubadilishana hazimo. Hakuna hata mmoja kati ya wakubwa wale wawili aliyekubali antena za mwenziwe uani kwake. Stesheni ya antena za wenyewe uani kwako lilikuwa jambo la watu wa Kano na Unguja.

Kuna jambo la pembeni nalipenda, niliseme haraka. Baada ya uchaguzi wa Juni 1961, Hizbu na washirika wao ndio waliounda serikali. Kwa hivyo Glenn alipopita juu yetu, chama kilichoandamana kuipinga stesheni ndicho kilichokaa kwenye viti vya ndani, na stesheni inafanya kazi. Mambo ya nje bado ya Mwingereza. Nani alikuwa na nguvu ya kuiondoa? Na kabla ya Glenn, Novemba 1961, aliwahi kupelekwa sokwe anayeitwa Enos, akazunguka mara mbili. Abiria wa mwanzo wa Marekani kuizunguka dunia ni sokwe. Sijui kama kuna nchi iliyompelekea salamu za pongezi.

Stesheni haikuishi sana. Yakaja Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964. Kesho yake manowari ya Marekani, Manley, ikafika bandarini kuwachukua Wamarekani 61, na kati yao walikuwamo wafanyakazi wa stesheni. Miezi michache baadaye, Aprili, serikali ya Mzee Karume ikataka stesheni iondoshwe. Angalieni hapo: Afro-Shirazi, chama cha Karume, na Hizbu, watu ambao hawakukubaliana hata juu ya tarehe ya uchaguzi, watu waliomwagiana damu, katika jambo hili la Tunguu walifika mahali pamoja. Mtu anaweza kusema Afro-Shirazi walivutwa na marafiki wapya wa upande wa mashariki, na ni kweli marafiki hao walikuwapo. Lakini mimi sidhani kuwa hofu ililetwa na meli. Hofu ilikuwa hapa tangu 1960, ilikuwa inangoja mtu mwenye mamlaka ya kuitia saini.

Wamarekani hawakulia. Kazi ya Unguja ikahamishiwa Madagascar, karibu na Tananarive. Ikaendelea huko miaka kumi na kidogo, safari za Gemini na Apollo zikipita, mpaka Julai 1975. Madagascar nayo ikawa na serikali mpya, ikadai kodi ya ardhi, hawakuelewana, stesheni ikafungwa. Na ni Julai hiyo hiyo, tarehe 17, chombo cha Apollo na chombo cha Soyuz vilikutana angani, mlango ukafunguliwa, Mmarekani Stafford na Mrusi Leonov wakapeana mikono, dunia nzima ikiangalia kwenye televisheni.

Sasa nimesimama zaidi ya nusu saa niliyopewa, na namuona kijana wa kipaza sauti ananitazama. Aliye na swali aulize. Na kama kuna mtu hapa ambaye babu yake au bibi yake aliandamana mwaka ule, au alifanya kazi pale stesheni, kupika, kulinda, kuendesha gari, nitakaa pale nje chini ya mwembe. Mimi nimesoma barua za Kennedy na Khrushchev zote. Za kwao sijazisoma bado.